Kinyozi Aliyeacha Kupuliza Visogo

Harithi Mponda, kinyozi wa Nachingwea, hashiki sura za watu. Anashika visogo. Ukimsalimia uso kwa uso atababaika na kuitikia nusu nusu, macho yakitangatanga kichwani kwako. Ukishampa mgongo uende zako ndipo utamsikia nyuma yako: "Aa, kumbe ni wewe, mtoto wa Bernardo wa Chunyu. Mama yako anaendeleaje na mguu?" Wageni humwona mzee mwenye maringo. Wenyeji wamemzoea, na wengine humgeuzia kisogo makusudi ili wamrahisishie kazi.

Kazi hiyo aliirithi kwa mjomba wake, Twalha, enzi ambazo kinyozi hakuhitaji umeme wala muziki. Siku hizi ukipita nyuma ya soko utakuta vibanda vya vioo, mashine zinanguruma, na ukutani kuna picha za vijana waliochongwa vichwa mpaka huelewi nywele zimeanzia wapi. Twalha alikuwa na kigoda cha mninga, beseni la bati, kioo kilichong'olewa kwenye trekta bovu la mashamba ya karanga, na wembe. Mpwa wake hakuruhusiwa kugusa kichwa cha mtu kabla hajafuzu kwa mbuzi. "Mbuzi hasemi," Twalha alimwambia, "lakini ukimkata atakuonyesha." Msimu ule mbuzi wa mtaa mzima walitembea na vipara, na wenyewe wakadhani ni maradhi.

Hizo siku Harithi anazisimulia mpaka leo, na anayemsikiliza hujikuta anazitamani hata kama hakuwepo. Siku za mnada watu walitoka Nambilanje na Nanganga kabla ya jua, wakiendesha baiskeli zilizolemewa na magunia ya ufuta. Wakishauza, kituo cha kwanza ni kwa kinyozi, maana mwanamume hawezi kurudi nyumbani na fedha mfukoni huku kichwa chake kimefanana na cha mtu aliyeshindwa. Na vijana walipotoka jandoni, mavuno yakiwa yamekwisha, walikalishwa kwenye mkeka mmoja mrefu. Ngoma zinalia, mama zao wanapiga vigelegele nje ya uzio, na Harithi anapita kichwa hadi kichwa na wembe mmoja aliouchovya kwenye maji ya moto. Mikono yake ilikuwa myepesi. Kuna watoto walisinzia wakinyolewa, na hilo si jambo dogo.

Sifa yake kubwa ilitokana na mambo mawili.

La kwanza ni poda. Zamani wanaume wengi waliota vipele kisogoni na kidevuni baada ya kunyolewa, hasa wale wenye ndevu za kujikunja. Harithi akapata wazo. Dukani kulikuwa na vidonge vya unga, vile ambavyo watu wote huviita rangi mbili, dawa ya kila kitu kuanzia kikohozi hadi kidonda cha jembe. Alivipasua, akamwaga ule unga kwenye kopo la poda ya watoto, akatikisa. Kila aliyenyolewa alipakwa kidogo. Vipele vikakoma. Tusimsingizie mzee wa watu: vilikoma kweli, na kwa miaka mingi. Poda ya Harithi ikawa dawa ya mji. Waliobabuliwa mikono na mafuta ya maganda ya korosho waliiomba, waliochomwa na miba waliiomba, na kuna mama mmoja aliipaka jogoo wake. Harithi aligawa bila kutoza. Kumnyima mtu dawa kwake kulikuwa kama kumnyima maji.

La pili ni pumzi yake. Akishamaliza kunyoa, kabla ya kupaka poda, aliinama na kupuliza kisogo cha mteja, pumzi moja ndefu, vinywele vikaruka. Wengine walitumia brashi. Yeye alisema brashi haina adabu. Kwa watoto wachanga, walioletwa kunyolewa nywele za tumboni siku ya saba, alipuliza utosini taratibu sana huku akilitaja jina jipya la mtoto. Mtoto akikunja uso, watu walicheka na kusema ameitika. Nusu ya Nachingwea iliitwa jina lake kwa mara ya kwanza namna hiyo.

Majipu yalipoanza, hakuna aliyeyahesabu. Jipu ni jipu. Linaiva, linapasuka, linasahauliwa. Lakini msimu wa korosho uliopita yaliota mengi, yote kisogoni na chini ya kidevu, na yalikuwa na tabia mbaya. Hayakusikia rangi mbili. Hayakusikia vidonge vya dukani wala sindano ya zahanati. Harithi alizidisha unga kwenye poda, na majipu yakazidi. Wateja wakaanza kupungua kwa adabu, kila mmoja na udhuru wake: huyu ana safari, yule mke wake amenunua mashine.

Jumaa hakupungua. Jumaa ni mkulima wa Nambilanje, waliingia kumbi moja ya jando na Harithi wakiwa watoto, na tangu hapo hajawahi kumpa mtu mwingine kichwa chake. Alipoota jipu kisogoni alilifunga kitambaa akaendelea kupakia korosho. Mwanawe alipomleta hospitali ya Nachingwea, shingo ilikuwa imevimba hadi mabegani na alikuwa akiongea na watu waliokufa zamani.

Harithi alimkuta wodini amelala kifudifudi, jipu limeshapasuliwa, kisogo kimefungwa bandeji. Alisimama pembeni ya kitanda. Kisogo kile alikifahamu kuliko cha mtu yeyote duniani, na sasa hakukiona.

"Umenichinja bila bismillahi, bwana Harithi," Jumaa alisema kwa sauti iliyotoka kwenye mto.

"Nyamaza, utachoka."

"Nimelala siku nzima, nichoke nini. Kaa."

Harithi alikaa. Machozi yalimtoka bila kelele, na Jumaa, kwa kuwa alikuwa amelala kifudifudi, hakuyaona.

Daktari aliyekuwa akimtibu Jumaa aliitwa Teodosia, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Usaha wa Jumaa ulikuwa umepelekwa maabara kupimwa ujulikane unasikia dawa gani, na majibu yalikuwa yamerudi mabaya: zile za kawaida zote zimegonga mwamba, imebaki moja mbili za akiba. Teodosia aliuliza Jumaa ananyolewa wapi, kwa sababu yeye hakuwa mgonjwa wa kwanza wa namna hiyo. Kesho yake alikwenda nyuma ya soko kwa miguu.

"Shikamoo, Mzee Harithi. Nionyeshe unavyonyoa," alisema.

Harithi alimnyoa jirani yake wa kuuza vitunguu, aliyekubali kwa kuwa ni bure. Alichovya wembe, akanyoa, akainama, akapuliza. Aliponyoosha mkono kuchukua kopo la poda, daktari alimzuia, akaomba anuse lile kopo, akauliza mle mna nini. Harithi alimweleza kwa fahari. Alikuwa hajaelewa bado.

Teodosia hakumgombeza, na pengine ingekuwa afadhali angemgombeza. Alitoa kijiti chenye pamba nchani, akakizungusha ndani ya pua ya mzee, pande zote mbili, akakifungia kwenye kichupa.

Majibu yalipofika alimwita ofisini akafunga mlango. Alimweleza kwamba mdudu wa majipu ni mkazi wa kawaida wa pua za watu wengi, anakaa humo kwa amani na mwenyewe hasikii kitu. Pumzi na vidole humtoa humo, na akipata upenyo kwenye ngozi huotesha jipu; mkwaruzo wa wembe tu unamtosha. Wa Harithi alikuwa wa aina ileile iliyotoka kwenye shingo ya Jumaa, sugu kwa dawa zilezile.

"Mzee, wewe si mkulima?"

"Nina shamba. Nani hana shamba?"

"Ukipalilia juu juu, nini kinakufa?"

"Majani laini."

"Na nini kinabaki?"

"Ndago," alijibu, na hapo ndipo alipoelewa. Ndago ukiikata leo, kesho imeota, na wenzake wakishaondoka shamba lote ni lake. Miaka yote ile alikuwa akipalilia ngozi za watu juu juu kwa kijiko cha unga, akiwaua wadudu dhaifu na kuwaachia shamba wale wabishi.

Alipewa marhamu ya kupaka puani na sabuni ya dawa ya kuogea. Aliambiwa achemshe au achome vitambaa vyake vyote, na kopo la poda alitupe chooni. Baadaye angepimwa tena. "Mpaka nikuambie mwenyewe," Teodosia alisema, "usishike kichwa cha mtu. Na mtoto mchanga ndiyo kabisa. Ngozi yao haijajua kujitetea."

Alikwenda kukipindua kigoda, akakaa nyumbani. Mtu ambaye maisha yake yote asubuhi imemkuta amesimama nyuma ya mwenzake hajui pa kuiweka mikono yake. Aliosha vyombo visivyo vichafu. Jioni alitembea hadi panapopita reli ya zamani, ile iliyong'olewa hata kabla hajajua kusoma, akasimama na kuwaza kwamba Twalha alikufa akiwa na raha. Alimwonea wivu.

Ndipo Zulfa alipopiga simu.

Zulfa ni binti yake pekee, ameolewa Ruangwa, na kwa miaka mingi ya ndoa yake Mungu alikuwa hajampa. Mimba mbili zilitoka. Kila alipokuja kumwona baba yake, watu waliuliza kwa macho, na yeye alijibu kwa kuzungumzia mambo mengine. Sasa sauti yake ilikuwa nyembamba, yenye kicheko na kilio pamoja. "Baba, nimejifungua. Mtoto wa kike, mzima. Tumeshasema hapa, akika siku ya saba, na wembe ni wako."

Harithi alisema alhamdulillahi mara nyingi. Alipokata simu alikuwa hajasema jambo jingine lolote.

Alikwenda kumpa habari Jumaa, aliyekuwa ameruhusiwa na amefikia kwa ndugu yake hapo mjini mpaka kidonda kipone. Jumaa alimpongeza, kisha akamtazama.

"Utamnyoa?"

"Dawa nimeanza kupaka."

"Umeshapimwa tena?"

"Bado."

Jumaa alijiinua kitako kwa uangalifu, shingo ikiwa ngumu. "Huko Ruangwa nani anajua? Mimi sisemi. Funga pua kitambaa, usipulize, nyoa mjukuu wako. Mtoto mmoja tu." Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye bandeji. "Au basi. Mimi nakushauri tu kwa kuwa nakupenda, si kwa kuwa najua."

Harithi alitamani sana lile shauri la kwanza. Hebu mtu asimhukumu. Alikuwa amenyoa watoto wa watu wasiohesabika, akawapuliza na kuwaita majina, na kila alipofanya hivyo moyoni alikuwa akimngojea wa Zulfa. Alinunua wembe mpya, haujatolewa kwenye karatasi yake. Alioga kwa ile sabuni mpaka ngozi ikamkauka. Alivaa kanzu iliyochemshwa akashika njia ya Ruangwa, na njia nzima alijiambia kwamba hajaamua.

Nyumba ya wakwe ilikuwa imejaa. Mbuzi alishachinjwa, mapande ya nyama yanatokota uani, na mashehe wamekaa kwenye jamvi barazani. Mwamina, mama mkwe wa Zulfa, mwanamke mnene mwenye amri, alimpokea kwa vicheko na kumsukuma ndani. "Baba Zulfa, karibu. Tumewaambia vinyozi wote wa hapa wakae kwao leo. Leo ananyoa fundi."

Zulfa alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto mapajani, beseni la maji ya vuguvugu pembeni. Alimfunua mtoto kichwa. Nywele zilikuwa nyingi, nyeusi, zimelala kwa mzunguko mmoja nyuma ya utosi, na ngozi chini yake ilikuwa laini kiasi kwamba mshipa ulionekana ukipiga. Harithi aliutazama ule mshipa. Mkono ulikuwa tayari umeshika wembe mfukoni.

Alirudi nyuma hadi mlangoni.

"Sinyoi," alisema.

Vichwa vyote viligeukia mlangoni. Huko kwetu kusini kinyozi akikataa kichwa cha mtoto mchanga amesema neno, na neno lenyewe si zuri: ama mtoto ana mkosi, ama kinyozi ana mashaka na ukoo wake. Kicheko cha Mwamina kilifutika. Zulfa aliinua uso, na Harithi, asiyeshika sura, aliiona ile vizuri kuliko alivyotaka.

"Baba, mtoto wangu ana nini?"

"Mtoto hana kitu. Mimi ndiye ninacho." Alisema kwa sauti ya kufika barazani, kwa makusudi, maana neno likisemwa chumbani tu lingetoka nje likiwa jingine. "Puani mwangu kuna mdudu wa majipu. Dawa za kawaida hazimwezi. Nimempa Jumaa nusura afe, na wengine nimewapa. Naona aibu, lakini nimekuja na pua hiihii, sikuweza kuiacha Nachingwea. Simpulizii mjukuu wangu maradhi."

Barazani mtu alikohoa. Mwamina alimkazia macho, kisha akavuta mlango wa dirisha ukafunguka wote, upepo ukaingia. "Sasa ulikuwa unangoja nini kusema, Baba Zulfa?" alisema, na hasira ilikuwa imemwisha sautini. "Niwaite wale niliowafukuza?"

"Baba," Zulfa alisema. "Leta huo wembe."

"Wewe?"

"Uliwanyoa kaka zangu wa mtaani wote mbele yangu. Unadhani nilikuwa naangalia nini?"

Harithi aliuweka wembe, ukiwa ndani ya karatasi yake, kwenye sinia, na Mwamina akalipeleka lile sinia kwenye mkeka. Zulfa alinawa hadi kwenye viwiko. Mzee alivuta kitambaa safi akajifunga pua na mdomo, akabaki amesimama kizingitini, nusu ndani nusu nje.

"Lowesha kwanza," alisema.

Zulfa alikuwa ameshaanza kulowesha.

"Anzia paji la uso. Vuta ngozi kwa kidole gumba, uwe unaivuta kinyume."

Kidole gumba kilikuwa tayari kimevuta. Wembe ulishuka mfupi mfupi, ukiinuka kabla haujazoea ngozi, kama Twalha alivyomfundisha yeye, na yeye hakukumbuka kumfundisha mtu. Alifungua mdomo amwambie ajihadhari na nyuma ya sikio. Zulfa alipafikia, akalikunja sikio taratibu kwa kidole kidogo, akapita. Harithi aliufunga mdomo wake. Pale ndani hapakuwa na kazi aliyobakiziwa, hata ya maneno.

Nywele zilikusanywa kwenye kitambaa cheupe. Mwamina alimtaja mtoto jina lake, Asmaa, na barazani wakaitikia dua. Mtoto alikuwa amelala usingizi.

Zulfa alikifuta kile kichwa kidogo kwa pamba na maji yaliyochemshwa, akambeba mtoto akasogea naye hadi katikati ya chumba, si karibu zaidi ya hapo. Akamgeuza ili babu aone kisogo.

"Nimekosea wapi?"

Harithi aliegemea kizingiti akatazama kwa macho ya ufundi. Aliangalia kwenye mikunjo ya shingo, nyuma ya masikio, kando ya utosi. Alitafuta kinywele kimoja kilichosahaulika, mkwaruzo hata wa ukucha, kitu chochote ambacho kingemfanya mtu aseme haya, basi, Mzee, njoo tu umalizie mwenyewe. Alitafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na Zulfa alimngoja.

"Hujakosea," alisema, na sauti yake ilipita kwenye kitambaa kwa shida. "Mfunike kichwa, mwanangu. Dirisha liko wazi."